Kisukari kinaotesha mishipa machoni, mbona moyoni kinagoma?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61 na anauza vitenge Kariakoo. Ana kisukari, huu ni mwaka wa 14. Mwezi uliopita alipigwa picha ya mishipa ya moyo, tukaambiwa mishipa yote mitatu mikubwa imebana na "ya pembeni haijaota". Huku nako daktari wa macho anamchoma sindano ya jicho, eti mishipa mipya imeota kupita kiasi. Sasa kisukari kinaotesha mishipa au kinaizuia? Na hiyo sindano haitauzidishia moyo matatizo? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Marahaba. Hao madaktari wawili hawapingani. Kisukari hufanya yote mawili, na kwa mtu huyohuyo.

Unaijua Jangwani. Mvua kubwa ikifunga Barabara ya Morogoro, magari hayakai kusubiri maji yapungue. Yanachepuka, na mtaa uliokuwa wa bodaboda unabeba daladala. Moyo nao una vichochoro vyake, mishipa myembamba inayounganisha mshipa mkubwa mmoja na mwingine. Mshipa mkubwa ukibana polepole, damu husukumwa kwa nguvu kwenye hivyo vichochoro, navyo hutanuka. Kwenye picha naviona: nyuzi zilizojipinda kama mizizi, na mshipa ulioziba juu unajaa ile dawa ya kuonyeshea mishipa kutokea chini. Kwa mwenye kisukari cha miaka mingi, mara nyingi hapo panabaki peupe.

Kinachokwama ni mawasiliano. Misuli ya moyo, hata mtu akiwa amekaa, hunyonya takribani asilimia 70 ya oksijeni iliyo kwenye damu inayoupitia. Haina akiba ya kuchota zaidi. Ikizidiwa na kazi, njia ni kuletewa damu nyingi zaidi na mishipa yake. Kwa hiyo oksijeni ikipungua, seli hutoa protini iitwayo VEGF, ambayo ndiyo kelele ya "leteni mishipa". Seli za ukuta wa ndani wa mshipa wa jirani huisikia, huzalisha gesi ya naitriki oksaidi, kisha huanza kuchipua kapilari, yaani mishipa midogo kabisa, mpya. Sukari ikikaa juu miaka nenda rudi, inaharibu kila hatua. Kihisio cha upungufu wa oksijeni kinalegea, hivyo kelele yenyewe inatoka kwa sauti ndogo. Seli zinazotakiwa kuisikia zinakuwa nzito wa masikio. Naitriki oksaidi inaharibiwa kabla haijafanya kazi. Hata zile seli nyeupe za damu zinazokwenda kutanua vichochoro haziitiki wito wa VEGF kama inavyotakiwa. Kuta nazo zinakakamaa kwa sukari iliyogandana na protini, kama ile iliyogandana na himoglobini tunayoipima kwenye HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita.

Jichoni mambo yanageuka. Kisukari kwanza huua seli zinazozishikilia kapilari za retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea mwanga, kapilari zinaziba, retina inakosa hewa na kumwaga VEGF. Jicho ni chumba kilichofungwa, kwa hiyo VEGF inajaa humo ndani. Mishipa inayoota ni mibovu, haina nguzo, inavuja na kupasuka. Kwa maneno mengine, hata huko "inakoota sana" haiisaidii retina chochote.

Watu huniuliza, basi si tuuchome moyo VEGF? Ilijaribiwa. Utafiti wa VIVA wa Marekani, uliochapishwa 2003, uliwapa wagonjwa 178 wa moyo VEGF au dawa bandia. Baada ya siku 60 waliopewa VEGF hawakuwa wamewazidi wenzao. Kelele pekee haijengi barabara. Ndiyo maana ukiona mtu wa mtandaoni anauza unga wa "kuotesha mishipa ya moyo", fedha yako nunulia vipimo vya sukari.

Kwa mama, jambo la kujadili ni upasuaji wa kupandikiza mishipa, yaani kuipitisha damu pembeni ya palipobana. Utafiti wa FREEDOM wa 2012 uliwafuatilia wagonjwa 1,900 wenye kisukari na mishipa zaidi ya mmoja iliyobana. Ndani ya miaka mitano, vifo, mshtuko wa moyo na kiharusi kwa ujumla viliwapata asilimia 18.7 ya waliopandikizwa, dhidi ya 26.6 ya waliowekewa vyuma vya kutanua mishipa (stenti), ingawa kiharusi peke yake kilikuwa kingi mara mbili hivi kwa waliopandikizwa. Mimi naona inaeleweka: moyo usioweza kujichongea njia unajengewa. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, inafanya yote mawili. Mkae na jopo lao, maana figo na nguvu za moyo wake vina neno pia.

Msisubiri aseme kifua kinauma. Kisukari huua hata mishipa ya fahamu inayopeleka maumivu. Akianza kupumzika mara mbili kwenye ngazi alizokuwa akizipanda na mzigo wa vitenge kichwani, au jasho jembamba likimtoka bila sababu, mpelekeni siku hiyohiyo.

Sindano ya jicho, ambayo huizima hiyo VEGF, asiiache, anaweza kupofuka. Dozi yake ni ndogo sana na kinachopenya kwenye damu ni kidogo, ila tunakuwa waangalifu kwa aliyetoka kupata kiharusi au mshtuko wa moyo hivi karibuni. Kwa hiyo miadi ijayo ya macho, aende na majibu ya picha ya moyo na orodha ya dawa zake zote, ampe daktari kabla hajalala kitandani.