Kahawa ya familia moja: kabla hujanunua uliza ilichumwaje na ilianikwaje

Wadau wa Moshi na Arusha naomba tuongee kuhusu kahawa, maana tunaishi jirani na Mlima Kilimanjaro unaosifika dunia nzima kwa kahawa aina ya arabika na bado wengi wetu tunakunywa ya kopo. Mi kwetu ni Uru, mama na baba mdogo bado wanahudumia kihamba kile kile cha babu, yani shamba la nyumbani, migomba juu kahawa chini, na kitu ninachotaka ukishike ni hiki: ladha ya kahawa inatengenezwa shambani, kwenye zile siku chache baada ya kuchuma, ikiharibika pale hakuna mkaangaji wa mjini atakayeirudisha hata awe na mashine ya mamilioni.

Kahawa nyingi ya wakulima wadogo inapelekwa AMCOS, yani chama cha ushirika cha wakulima, inachanganywa na ya wenzao, inapangwa madaraja, AA, A, B, PB na kuendelea, ndo inaenda kuuzwa. Huo mfumo una kazi yake na ushirika umesomesha watu wengi sana huku kwetu, KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, kilianzishwa 1933, siubezi hata kidogo. Ila daraja linakwambia zaidi ukubwa na umbo la punje, haliwezi kukwambia ni kihamba cha nani na huyo mtu alichuma kwa uangalifu kiasi gani. Ukinunua kwa familia moja inayochuma, inayomenya na kuanika yenyewe, hapo ndo unaanza kuonja shamba lenyewe.

Sasa ukifika kwao uliza maswali. La kwanza, mnachuma nyekundu tupu au mnakwanyua tawi zima? Tunda likiwa bado kijani kahawa yake inakuwa na ukakasi kama majani mabichi, na likikaukia mtini linaleta harufu ya uchachu mbaya, kwa hiyo familia makini inarudia mti ule ule mara nyingi ndani ya msimu na hiyo ni kazi ya mgongo aisee. La pili, mnamenya siku ile ile? Matunda yakilala kwenye kiroba yanapata moto yenyewe yanaanza kuoza, na ladha ya uozo haifichiki. Mama yangu akishachuma anamwaga kwenye maji kwanza, zinazoelea anazitoa pembeni, zilizozama ndo zinaenda kwenye mashine ya kumenya, halafu inalala kwenye ndoo mpaka ule utelezi uachie, anajua kwa kuifikicha mkononi, ikianza kukwaruza kama changarawe anaiosha kwa maji safi. Baridi ikiwa kali inaweza kuchukua hata siku mbili.

Swali la kuanika ndo kubwa kuliko yote na ndo watu hawaliulizi. Kahawa ikianikwa chini inabeba harufu ya udongo, ikianikwa jikoni juu ya moto inabeba moshi, inatakiwa ikae kwenye kichanja, igeuzwe mara kwa mara, ifunikwe jua likiwa kali saa za mchana na ifunikwe tena usiku kwa sababu ya umande, mpaka unyevu ushuke karibu asilimia 11. Mvua zikiingilia msimu, na zinaingilia kweli, baba mdogo hatoki nyumbani, anakimbia na turubai siku nzima. Nikiona mtu anajivutavuta kulipia kazi hiyo roho inaniuma, maana kilo moja ya kahawa iliyokaangwa inatoka kwenye kilo kama 6 au 7 za matunda mabivu.

Haya, ladha. Usisubiri uchungu. Kahawa iliyooshwa vizuri ya Kilimanjaro ina uchachu msafi, mi naupata kama chungwa lililoiva, halafu nyuma kuna utamu wa sukari guru, na kuna misimu ya kwetu inakuja na zambarau kabisa, ule utamu wenye kukaza ulimi kidogo. Wazungu wanaandika matunda yao ambayo hatujawahi kuyala, wewe taja unayoyajua. Iache ipoe kidogo kabla hujahukumu, ikiwa ya moto sana ulimi hauoni kitu, na ikizidi kupoa ndo ladha ya matunda inajitokeza. Hiyo PB wanayoisifia sana ni tunda lililozaa punje moja ya duara badala ya mbili, nzuri ndiyo, ila punje kuwa moja hakufuti uzembe wa kuanika.

Kukaanga unaweza hata nyumbani kwa kikaango kizito, koroga bila kupumzika, itaanza kulia kama bisi, ukisikia milio inapungua ipua haraka uimwage kwenye ungo uipepete ipoe. Ukiendelea mpaka inang'aa mafuta umeshachoma ladha yote ya matunda, na kahawa ikishachomwa hivyo ya Uru na ya Kibosho na ya Tengeru zote zinafanana. Ipe siku kadhaa itoe gesi, saga ile ya kunywa siku hiyo tu.

Kupika ndo rahisi, gramu 15 kwa maji robo lita, yani vijiko vya chakula viwili na nusu hivi vya unga, mimina maji yaliyotoka kuchemka, subiri dakika 4, chuja. Watu wanasoma mtandaoni wanahangaika na vipimajoto, lakini huku tuko juu, Arusha mjini maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95 na Moshi kama 97, kwa hiyo ukiipua birika ukahesabu mpaka kumi uko sawa. Usiichemshe pamoja na maji kama chai. Kahawa chungu ya kwenye vikombe vidogo na kashata naipenda na ni ya heshima yake, ila kuipika ile tumia kahawa ya kawaida, usiende kuchemsha hii ya familia ukapoteza kila kitu walichokihangaikia.

Ukishapata familia unayoiamini, waombe wakuwekee ikiwa bado kwenye ngozi, yani lile ganda la ndani halijakobolewa, inatunza ladha kwa miezi mingi kuliko iliyokobolewa, unakoboa kidogo kidogo kadri unavyokaanga. Na lipa mapema ukiweza, Julai au Agosti uchumaji ukiwa ndo unashika kasi, maana hela ya vibarua wa kuchuma nyekundu tupu inahitajika kipindi hicho, na mkulima akikosa hela hiyo ndo anakwanyua tawi zima.