Mchanga uwe bahari, lakini kwa dakika mbili tu

Katuni ya mtoto anayewaza makubwa ni rahisi kuiandika, lakini kuichora ni gharama. Kwenye mswada unaweka nusu mstari, "kidumu kinageuka nyambizi, korongo linajaa maji", na mchoraji anabaki na kazi ya wiki kadhaa. Piga hesabu kabla ya kuchora hata jicho.

Televisheni zetu hutumia fremu 25, yaani picha 25 zinazofuatana, kwa sekunde. Kila mchoro ukishikiliwa fremu mbili, kipindi cha dakika saba kinakula michoro 5,250. Mchoraji akitoa michoro safi 30 kwa siku, hizo ni siku 175, na msimu una vipindi kumi! Dawa ni kugawa. Maisha ya kawaida ya mtoto yatumie vikaragosi vya vipande: kichwa, mikono na miguu kila kimoja kwenye leya (tabaka) yake, vinasogezwa tu bila kuchorwa upya. Kuchora mchoro kwa mchoro kubaki kwenye mawazo yake, na mawazo yasizidi dakika mbili. Hapo unashuka hadi michoro 1,500. Programu za OpenToonz na Blender zinaunganisha vikaragosi vizuri, Krita inafaa kwa mandhari, na zote tatu ni za bure.

Mgawanyo huo unamsaidia pia mtazamaji, mradi dunia mbili zisifanane. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuchora zote kwa mtindo mmoja, kisha kupuliza kiwingu katikati. Mtoto wa miaka minne hajui ameingizwa wapi. Kwa mazingira ya Dodoma, nyumbani pawe na udongo mwekundu, majabali ya kijivu, mistari ya kahawia na kamera iliyotulia. Mawazoni mistari iwe ya kalamu za rangi, na bluu iliyokolea ambayo nyumbani haionekani popote, hata kwenye ndoo. Kila kitu cha mawazoni kiwe kimeonekana kwanza uani: kidumu cha njano cha lita tano, mbuyu, mbuzi wa jirani. Nyambizi ibaki na rangi ya njano na mpini wa kidumu. Mlango wa kuingilia mawazoni uwe sauti ileile kila kipindi. Milio mitatu ya zeze inatosha, na mpigaji alipwe kwa mkataba wa maandishi.

Sauti hurekodiwa kabla ya kuchora. Bati ni adui: likipata jua linalia, na upepo wa Dodoma wa kiangazi hauna adabu. Rekodi alfajiri, tundika mablanketi mazito pande tatu, zima friji na feni. Maikrofoni ikae kama shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, la sivyo kila "p" itapasuka. Mtoto anayetoa sauti huchoka kabla yako: dakika 20, kisha apumzike. Kama ana miaka 11 au 12, maliza msimu mzima mfululizo, maana sauti ikianza kuvunjika hairudi.

Sauti hiyo ilaze chini ya michoro ya penseli upate animatiki, uwaonyeshe watoto watano au sita. Usiwaulize kama wameipenda, watasema ndiyo. Tazama macho yao. Wakigeukia dirisha wengi kwa pamoja, sekunde hizo zikatwe, hata kama ndizo unazozipenda. Kukata hapa hakugharimu kitu. Baada ya kupaka rangi unatupa mishahara.

(Umeme: UPS, yaani betri ya kushika umeme ukikatika, kwa kila kompyuta, kazi ijihifadhi kila dakika tano, nakala ya pili kwenye diski inayolala nyumba nyingine.)

Midomo ndiyo inayofichua kazi ya haraka. Chati za midomo zilizotengenezwa kwa Kiingereza zinachanganya tu. Kiswahili kinataka maumbo manane: a, e, i, o, u, mdomo uliofungwa kwa m, b na p, meno juu ya mdomo kwa f na v, na ulimi unaoonekana kwa l, n, t na d. Silabi ya pili kutoka mwisho ndiyo yenye mkazo, kwa hiyo hapo mdomo ufunguke zaidi na ukae fremu mbili za ziada; katika "kidumu" ni "du". Mdomo uwahi sauti kwa fremu moja au mbili. Na kwenye "mb" usifunge mara mbili. Sema "mbuyu" mbele ya kioo uone midomo inafunga mara ngapi.