Re: Wanafunzi wanakata tamaa mapema kwenye maswali ya maelezo

Habari mwalimu. Umesema vijana wako wa kidato cha pili wakikuta swali la hesabu la maelezo wanaweka kalamu chini, wanasubiri uandike jibu ubaoni.

Kwanza angalia kama swali lenyewe wamelielewa. Msingi walisoma kwa Kiswahili, sekondari wanakutana na Kiingereza. Lugha inawaangusha hata kabla ya hesabu. Kwenye tuisheni yangu hapa Mbagala nawafungisha madaftari, wanisimulie swali kwa Kiswahili. Wengi hukwama hapo hapo.

Halafu swali moja tu kwa kipindi. Juzi: kuku na mbuzi, vichwa 20, miguu 56, kila aina wako wangapi? Marufuku kuandika x. Mmoja akakisia kumi kumi, miguu ikawa 60. Nikauliza: ukitoa mbuzi mmoja ukaweka kuku, inapungua mingapi? Nikanyamaza. Hapo ndipo pagumu, ndugu yangu, ulimi unawasha kabisa! Baada ya muda binti wa nyuma akasema kuku 12, mbuzi 8, akaenda mwenyewe kuwaonyesha wenzake.

Kisio lililokosewa usilifute, ndilo lililomfikisha.

Mimi nina wanafunzi 25. Darasa la 90 sijawahi kulijaribu hivi. Ningeanza kwa kuwagawa wanne wanne.