Kabla Hujapiga Vigelegele, Sikiliza Pumzi

Jumamosi iliyopita umeme ulikatika Mtwara mjini katikati ya tamasha letu la kwaya, na mwanafunzi wangu ndiyo kwanza alikuwa ameingia ubeti wa pili. Maiki ikafa, feni zikasimama, kinanda kikanyamaza, mpiga kinanda akabaki na mikono hewani. Binti hakukoma. Aliendelea peke yake, kwa sauti ileile aliyokuwa nayo taa zikiwaka, bila kupiga kelele, na waliokaa viti vya nyuma kabisa walimsikia mpaka silabi ya mwisho. Jenereta lilipowashwa alikuwa ameshamaliza. Ukumbi ulisimama. Nimefundisha kwaya muda mrefu na sijawahi kujivunia mwanafunzi kama nilivyojivunia usiku ule.

Kesho yake msomaji wangu mmoja wa Newala, aliyekuwamo ukumbini, akaniandikia: "Shikamoo mwalimu. Yule mdogo wetu sauti ile aliitoa wapi bila maiki? Na mbona alipokuwa na maiki sikuona kama ana cha ajabu?"

Marahaba, dada. Swali lako la kwanza nimelifurahia. La pili limeniuma, kwa sababu jambo hilo limenisumbua tangu nilipotoka kusomea muziki Bagamoyo.

Nianze na la kwanza. Kooni kwa kila mmoja wetu kuna kano mbili ndogo za sauti. Hewa ikitoka mapafuni huzitetemesha: mwanamke akiongea tu hutetemeka kama mara 200 kwa sekunde, na akiimba ile nota ya kupatanishia vyombo ni mara 440. Mwalimu wa uimbaji wa Kihispania, Manuel García, alifaulu kuzitazama zikifanya kazi mwaka 1854, kooni mwake mwenyewe, kwa kioo kidogo cha daktari wa meno na mwanga wa jua. Lakini kano peke yake hazitoshi. Sauti hujengwa na nafasi iliyo juu yake: koo, kinywa, ulimi. Mwimbaji aliyefunzwa hujifunza kutuliza kikoromeo na kupanga nafasi hiyo mpaka mitetemo iliyo karibu na 3,000 kwa sekunde ipate nguvu ya pekee. Johan Sundberg, mwanasayansi wa Uswidi, alilieleza vizuri jambo hili miaka ya 1970. Okestra nzima nguvu yake kubwa iko karibu na mitetemo 500 kwa sekunde, na kadiri unavyopanda inapungua. Kwa hiyo mwimbaji hashindani na vyombo kwa ukubwa. Anapita juu, mahali ambapo vyombo ni vichache, na bahati nzuri masikio ya binadamu ni makali sana hukohuko. Binti yetu ni alto, sauti ya kike ya chini, na kwa sauti kama yake jambo hilo husikika wazi. Soprano, mwenye sauti ya kike ya juu, akiwa juu kabisa hutumia njia nyingine: hufungua taya zaidi kila anapopanda. Ukimwona soprano kafungua mdomo wote usidhani anajionyesha.

Sasa la pili. Hukusikia cha ajabu alipokuwa na maiki kwa sababu fundi mitambo alikuwa ameifungua mno. Spika zikijazwa namna ile, anayenong'ona na anayefoka wanatoka sawa. Kila mtu anakuwa mkubwa, na ukubwa hauna habari ndani yake.

Inanishangaza, maana sisi watu wa Kusini tunajua kusikiliza. Nimekulia Ndanda, mtoto wa misheni, karibu na abasia ya Wabenedikti iliyoanza mwaka 1906. Kanisani nilijifunza do re mi na kushika sauti ya pili huku wenzangu wakivuta kwenda ya kwanza. Lakini shule yangu ya pumzi ilikuwa kwa jirani. Alikuwa mzee wa Kiislamu mwenye redio ya kaseti, na siku za Ijumaa tulikuwa tukimsikia Abdul Basit Abdus Samad, msomaji wa Qur'ani wa Misri. Msomaji anaianza aya, anapanda, anashuka, anapanda tena, na hajavuta pumzi. Watu waliokuwa wakibangua korosho wanasimamisha mikono. Anaendelea. Anapofika mwisho, ndipo wasikilizaji kwenye ile kaseti wanapoachia sauti zao, na yule mzee naye anashusha mabega, anasema Allahu Akbar. Sisemi kisomo cha Qur'ani ni wimbo. Wenyewe wana mipaka yao na ninaiheshimu. Nasema masikio tunayo. Mtu huyohuyo anayeweza kushika roho aya nzima akimsikiliza msomaji, mpeleke harusini, atamshangilia anayepasua spika.

Nitaeleza jambo ambalo sijawahi kuliandika. Miaka ya mwanzo baada ya masomo niliitwa kuimba kwenye harusi moja Lindi, bibi harusi anapoingia. Nilijiandaa kweli. Nilipanga kuanza kwa sauti ndogo kabisa, niikuze polepole juu ya nota moja, kisha niirudishe ndogo, kwa pumzi moja. Waitaliano wanaliita zoezi hilo messa di voce, na walimu wa zamani walilitumia kumpimia mwanafunzi. Ni gumu kuliko kupiga kelele mara nyingi, kwa sababu nota ndogo ikikosa pumzi chini yake inakatika au inashuka tuni, na kila mtu anasikia. Nilianza. Sijafika katikati, MC akanipokonya maiki. "Jamani, tuchangamke, watu wanasinzia!" DJ akaweka CD, bibi harusi akaingia na CD. Wakati wa chakula mama mmoja wa upande wa bwana harusi akanishika bega akasema, "Mwanangu, sauti huna, ila uso unao." Alidhani ananiliwaza. Nilirudi Mtwara na basi la alfajiri, na maneno yale ninayo mpaka leo.

Kwa hiyo mtanisamehe nikisema kwa ukali. Sauti ndogo inayofika ndiyo kipimo cha mwimbaji. Ukitaka kujua kama mtu amefunzwa, usisubiri apande juu, subiri ashuke.

Na aliyefunzwa simaanishi aliyekwenda Ulaya. Siti binti Saad alirekodi sahani Bombay mwaka 1928, na mafunzo yake yalikuwa ya taarabu ya Unguja. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013 baada ya kuimba mpaka uzeeni kabisa, sauti yake ilikuwa na mikwaruzo. Tafuta rekodi zake usikilize anavyoushika mwisho wa mstari. Hauachi udondoke. Yeye ni mtu wa unyago na ngoma, alikua akizisikia nyimbo za Siti, na hayo ni mafunzo kamili. Hata kwetu, anayeongoza nyimbo za ngoma uwanjani mbele ya watu wanaopiga makofi na kucheza sindimba, hajaamka tu siku moja akaweza. Amekaa nyuma ya mkubwa wake akijibu viitikio mpaka akaiva.

Usikilize nini, basi? Pumzi. Nikiambiwa nitaje kitu kimoja tu, ni hicho. Tazama mabega ya mwimbaji anapovuta hewa: yakipanda mpaka masikioni, hewa imeishia juu na haitadumu. Aliyefunzwa utaona mbavu zinatanuka pembeni na kiuno kinajaa, mabega yametulia. Kisha anapoimba, mbavu zinachelewa kufunga. Hapo ndipo kazi ilipo, kuizuia hewa isitoke yote kwa pupa. Halafu sikiliza anavutia wapi pumzi. Akikata neno katikati ili apumue, ameishiwa. Akimaliza sentensi yenye maana ndipo avute, huyo anajua anachokiimba.

Sikiliza mtetemo, si ule wa kano bali kuyumba kwa nota yenyewe. Sauti iliyokomaa hutetemeka yenyewe ikishika nota ndefu, kama mara 5 hadi 7 kwa sekunde, na ndiyo inayoipa joto. Ukizidi kasi unasikia mbuzi. Ukiwa mzito unasikia mtu amechoka. Vijana wengi siku hizi wanautengeneza kwa kutikisa taya. Taya zikicheza, ujue ni wa kuigiza.

Sikiliza pia Kiswahili. Lugha yetu ina irabu tano safi na mwimbaji hukaa juu ya irabu, lakini ile m ya mtoto na ile n ya nchi ni silabi kamili, nazo zinadai nota yake. Kwaya nyingi huzimeza. Na mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho. Tungo ikiuweka kwingine, mwimbaji mzuri huurekebisha kwa ulaini bila kuiharibu nota. Mkishaanza kulisikia hili hamtaweza tena kuacha kulisikia, na nyimbo kadhaa mnazozipenda zitaanza kuwakera. Ndivyo inavyokuwa.

Sasa kuhusu laivu. Narudia: nenda ukasikilize mtu akiimba mbele yako. Studio leo inaweza kunyoosha nota yoyote. Programu ya Auto-Tune ipo tangu 1997 na kila studio ya mtaani ina kitu cha aina hiyo. Rekodi inakupa matokeo, haikuonyeshi kazi. Tunakubali vipi kulipa kiingilio, kukodi viti, kushona sare, halafu mtu anapanda jukwaani anachezesha midomo juu ya CD na sisi tunakwenda kumtunza? Noti tunazombandika usoni ni za nini? Kamati za tamasha, kamati za harusi, viongozi wa kwaya, hili ni lenu. Mwimbaji wa pleibeki ni rahisi kwenu kwa sababu hakosei. Lakini aliyesimama na pumzi yake anaweza kukosea, na watu wamekuja kuona kama atafika. Mpeni maiki iliyopunguzwa. Mwambieni MC akae chini.

Na ninyi waimbaji, maana najua wengi wenu mnaonisoma mnataka kufika mbali, msikubali kufundishwa na makofi. Pretty Yende, soprano wa opera, alizaliwa mwaka 1985 na kukulia mji mdogo wa Afrika Kusini, opera akaijua kwa mara ya kwanza kwenye tangazo la televisheni. Mei 2023 aliimba Westminster Abbey katika kutawazwa kwa Mfalme Charles wa Uingereza. Katikati ya mambo hayo mawili kulikuwa na miaka ya skeli, yale mazoezi ya kupanda na kushuka nota, ambazo hakuna aliyezipigia vigelegele. Msikilizeni akiwa juu, halafu msikilizeni anavyotoka huko juu kurudi chini. Rudieni hapohapo.

Kuna mzazi ataniuliza kama mtoto wake anafaa. Mama, baba, mimi sipimi ukubwa wa sauti ya mtoto. Namwambia avute hewa, aseme "sss" taratibu, nami natazama kama inatoka sawasawa au inatoka kwa vishindo. Asiyeweza leo ataweza akifanya kila asubuhi kabla ya chai. Anayetaka kupiga kelele tu simwezi.

Walioko Mtwara, Masasi na Lindi wanaotaka kujizoeza kusikiliza, msingoje tamasha. Ombeni ruhusa kwa mwalimu wa kwaya yoyote iliyo karibu nanyi mkae kwenye mazoezi. Huko hakuna spika. Mtasikia sauti ya nne, yaani besi, ikirudia mstari mmoja mpaka mmechoka nao, mtaona mwalimu akimshika mtu mbavu na kumwambia avute tena. Ukifika mapema kaa karibu na alto, ndio husahauliwa. Simu izimwe.