Nimeisikia voisi yako, sasa nisikilize na mie

Yakhe, voisi yako ya dakika sita nimeisikia yote, ile ya "wewe ushajua Kijerumani, ushatoka, njia unatuficha tu." Nimeisikiliza mara mbili ndani ya treni na roho imeniuma, maana sijaficha kitu, ila nnaona haya kusimulia. Basi leo nasimulia, na wenzako wa barazani wasikie.

Mie nimekuja Ujerumani nikijiona mtu wa lugha. Si nilikuwa Kiwengwa, pwani ya watalii Unguja, miaka mitatu, Kitaliano napiga na wageni mpaka usiku? Na cheti cha A1, ngazi ya mwanzo ya Kijerumani, kile anachotakiwa nacho mtu anayemfuata mkewe huku ndo apewe viza, nilikwenda Dar nikafanya mtihani nikapita. Nikajua yameisha. Kumbe A1 ni ya kusema jina lako na kuuliza mkate bei gani.

Kazi ya mwanzo ilikuwa nyumba ya wazee, kufua na kusafisha. Siku ya pili msimamizi kanambia kitu mbiombio, mie nimedaka "Schuhe" tu, viatu, nikenda nikavua nilivyovaa nikavaa vyengine. Kumbe kasema "Handschuhe", glavu, wao glavu wanaiita kiatu cha mkono. Walicheka wote pale ukumbini, na yeye akaniletea mikono usoni akawa anaitingisha kama anamfundisha mtoto. Mtu mzima na ndevu zangu! Niliingia stoo ya mashuka nikalia. Jioni bi mkubwa kapiga simu, nikamwambia kazi nzuri, alhamdulillahi. Hiyo ndo raha yenyewe mnayoisikia huko Wete, Pemba.

Nikaingia kosi, vipindi 600 vya lugha, asubuhi darasani mchana kazini, na kila jina la kitu lina kijineno chake cha mbele, der au die au das, ukikosea unasikika wewe mgeni hata kabla hujamaliza. (Sie tunasema skuli, watu wa bara wanasema shule, kumbe hiyo shule yao ni Schule, Kijerumani kitupu. Siku ile nilifurahi kama nimekutana na mtu wa kwetu.)

Sasa nikwambie kitu ambacho mshahara haukunipa. Pale kuna bibi hatembelewi na mtu. Siku moja natandika kitanda chake akaniuliza kwetu wanalima nini, na mie nikamfahamu, neno kwa neno, bila ya kumwambia rudia. Nikamjibu Nelken, karafuu. Akasema la, Nelken ni maua, marehemu mumewe akimletea. Kweli, neno ni hilo hilo moja. Nikamwambia bibi, hata yetu ni ua, ila sie tunalichuma halijafunguka, tunalianika juani kwenye jamvi mpaka liwe jeusi. Sentensi ndefu ile, yote imetoka kinywani mwangu mwenyewe! Kesho yake nikamletea karafuu moja, akainusa akafumba macho, akanisimulia keki za Krismasi za mamake. Yule msimamizi alikuwa mlangoni, na tangu siku ile ananiita kwa jina.

Kwa hivyo usije, nakwambia kwa mapenzi, kama unafata pesa tu usije, nyumba inanunuliwa kwa mgongo huku. Lakini ukija, wallahi usipande ndege na A1 yako, kaa kitako usome mpaka B1, ngazi ya tatu, ukiwa hapo hapo kwa mamako, na uuguzi unaouota wanataka B2, ya nne. Na hata usipokuja soma vilevile. Wala usinambie huna wakati, baraza unalipatia wakati.

Nisamehe nimesema kwa ukali. Hapo nyumbani kwa wazee wetu ndo mahali pangu, nimewaacha nyie na mzigo wote na nnalijua hilo kila usiku. Mwambie bi mkubwa anitilie karafuu nyengine kwenye bahasha, ile moja bibi kaifungia kwenye kikebe cha dawa zake na hataki kunirejeshea.