Barua kwa mwanangu: kwa nini sihami Savannah

Mwanangu Baraka,

Juzi kwenye simu uliniuliza swali ambalo sikulijibu, likakaa nami siku tatu. Ulisema: "Mama, tangu baba afariki uko peke yako huko Savannah, Georgia, na joto lote hilo. Unapata raha gani? Si uhamie huku Boston?"

Nianze na Jumapili. Ibada ikiisha tunashuka ukumbini, na kila mama kaja na sufuria lake. Kuna kuku wa kukaanga, wali mwekundu wa nyanya na soseji, mkate wa mahindi. Halafu kuna mboga ile wanayoipika saa nzima na zaidi, pamoja na nyama ya bata mzinga ya moshi. Siku ya kwanza nilionja nikasimama na sahani mkononi. Sukuma wiki, mwanangu! Supu yake haimwagwi, wanachovya humo mkate wa mahindi. Bamia zipo, kunde zipo. Kunde wanazipika na wali siku ya Mwaka Mpya, wakiomba heri, na mbegu hizo asili yake ni Afrika. Nikila pale sijihisi mgeni. Chai yao ya barafu tu ndiyo siinywi, sukari imezidi mno.

Na mkesha. Kwetu Lushoto tulikesha kanisani tukiuaga mwaka, nikadhani huku ni vivyo hivyo. Kumbe wao wanakumbuka pia usiku wa tarehe 31 Desemba 1862, Weusi walipokesha wakisubiri tangazo la Rais Lincoln la kuwaacha huru watumwa, lililoanza kazi kesho yake. Siku hizi saa sita ya usiku ikikaribia, napiga magoti na wenzangu na machozi yananitoka.

Lakini kinachonishika zaidi ni Alhamisi. Tunakutana maktaba kina mama wanane, tunasoma kwa zamu, kwa sauti, mmoja akichoka mwingine anapokea. Mwezi uliopita tulisoma habari za Susie King Taylor, aliyezaliwa utumwani mwaka 1848 akaishi na bibi yake hapahapa mjini. Sheria ya Georgia ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma. Alisomea kwa siri nyumbani kwa mama mmoja Mweusi aliyekuwa huru. Watoto waliingia mmojammoja, vitabu wamevifunga kwa karatasi ili polisi wasivione. Mwaka 1862, akiwa na miaka 14, alikuwa tayari anafundisha wenzake waliokombolewa.

Hapo zamu ilikuwa yangu, na sauti ikanikatika. Nilikumbuka nikikuwekea kava za gazeti kwenye madaftari, kila Januari, mezani, wewe umeshika mkasi. Mimi nilifunika yasichanike. Wao walifunika wasikamatwe. Mama aliyekaa pembeni yangu, mwenye miaka 80 na zaidi, akachukua kitabu taratibu akaendelea pale nilipoishia.

Kwako Boston nitakuja kukutembelea, nawapenda wewe na mkeo. Kuhama siwezi. Njooni nyie Desemba, mkae hadi mkesha. Chumba chako kipo, feni nimeshabadilisha, na kunde nitaziloweka tarehe 31 asubuhi.

Mama yako