Mguu Umepona Saa Ngapi? Kitu Ambacho Mieleka Imekipoteza

Anayetaka kujua mieleka ya siku hizi, ile ya burudani ya Marekani, imepungukiwa nini, azime sauti. Atazame pambano mwanzo hadi mwisho bila kusikia neno, halafu ajiulize kama ameelewa nani kaonewa, nani kaumia wapi, na kwa nini aliyeshinda kashinda. Mapambano mengi ya sasa yanaanguka mtihani huo. Ya zamani yalifaulu, na nasema hivyo kwa sababu nimekulia kwenye kibanda cha video cha baba mdogo pale Mwanjelwa, Mbeya, kazi yangu ikiwa kurudisha kanda nyuma na kuwasimulia watu kinachoendelea.

Wateja wetu walikuwa wabeba mizigo wa sokoni, makondakta wa daladala za Uyole, na akina mama waliokwisha kufunga meza zao za viazi. Kiingereza cha watangazaji wa Marekani hakikuwahusu. Lakini walizomea, walisimama, na wengine walifuta machozi. Walichokuwa wanakisoma ni mwili. Mtu akipigwa goti dakika ya tano, dakika ya ishirini bado anachechemea, na goti lilelile ndilo linalomwangusha.

Chukua wanamieleka Ricky Steamboat na Randy Savage. Novemba 1986 Savage alimrukia mwenzake akiwa ameshika kengele ya ulingoni, akamponda koo. Steamboat akatolewa kwa machela. Walipokutana kwenye WrestleMania III, tamasha kubwa la mieleka la kila mwaka, Machi 29, 1987, katika uwanja wa Pontiac Silverdome kule Michigan, miezi minne ilikuwa imepita, na hakuna aliyekuwa amesahau lile koo. Sisi tulikuwa tunaonyesha kwanza kipande cha kengele, kisha pambano lenyewe. Savage alipoifuata kengele kwa mara ya pili, sikuhitaji kusimulia chochote. Kibanda kizima kilikuwa kimeshika shingo.

Lingine ni la Bret Hart na Steve Austin, WrestleMania 13, Machi 23, 1997. Hili ningependa kila kijana aliangalie kabla hajabishana na mtu kuhusu mieleka. Hart anaingia akiwa steringi, Austin akiwa adui. Hart anaushughulikia mguu wa Austin kama mtu mwenye kazi maalumu: anaupiga, anaupinda, anauzungusha kwenye nguzo ya ulingo. Mwishoni anamkunja kwa mshiko wake maarufu wa Sharpshooter, na Austin, damu ikimchirizika usoni, anakataa kusalimu amri mpaka anazimia. Refa anasimamisha pambano. Hart anaendelea kumpiga mtu aliyezimia. Austin anaamka, anakataa kusaidiwa, anaondoka mwenyewe huku akichechemea. Tayari adui amekuwa steringi na steringi amekuwa adui, na hakuna sentensi hata moja iliyohitajika. Pale kwetu waliokuwa wamekuja kumshangilia Hart walitoka wakilitaja jina la Austin.

Sasa linganisha na tunachoona leo. Mtu anatupwa kutoka juu ya kamba, anapasua meza, refa anahesabu moja, mbili, na kabla ya tatu aliyelala anainua bega. Dakika moja baadaye anakimbia na kuruka kama ndiyo kwanza ameingia. Juzi tulikuwa tumekaa jikoni karibu na jiko la mkaa, maana Julai ya Mbeya haina mchezo, na mpwa wangu akanionyesha pambano moja kwenye simu. Mama akachungulia, akauliza: "Mwanangu, si huyu aliyekuwa anaburuta mguu? Umepona saa ngapi?" Mpwa akamjibu, "Bibi, hii ni mieleka tu." Mimi nasimama na mama. Swali lake ndilo swali lenyewe.

Kuna wanaodai kwamba uzito ulipotea siku watu walipojua kuwa matokeo hupangwa. Si kweli. Mwaka 1989 kampuni yenyewe inayoendesha mieleka hii, WWE, wakati huo ikiitwa WWF, iliwaeleza watunga sheria wa jimbo la New Jersey kuwa kazi yake ni burudani. Pambano la Hart na Austin lilikuja miaka minane baadaye. Watu wanaweza kujua jambo limepangwa na bado wakalia, ilimradi wachezaji wenyewe waheshimu kilichotokea.

Kwa maoni yangu lililoharibu zaidi ni wingi. Julai 2012 Raw, kipindi chao cha kila wiki, kilifanywa kuwa cha urefu wa saa tatu kila Jumatatu, na saa tatu zilitaka kujazwa. Anayetakiwa kuonekana kila wiki hana nafasi ya kuumia. Vipande vifupi vya simu navyo vimemfundisha mchezaji kuwa mruko mmoja wa ajabu unatosha, kilichotangulia na kinachofuata hakina mwenyewe. Pigo la kumalizia nalo limeshuka thamani. Machi 1998, kwenye WrestleMania XIV, Undertaker alihitaji Tombstone tatu, pigo lake la kumgongesha mtu kichwa chini, kummaliza Kane, na tuliduwaa, kwa sababu tulizoea kuona moja tu ikitosha. Kama kila mtu anainuka baada ya kila pigo, tutaduwaa kwa lipi?

Hili linanigusa pia kwa sababu ya watoto. Mchezaji akiinuka bila maumivu, mtoto wa Ilemi au Iyunga anaamini shingo haivunjiki. Ukweli ni kwamba chini ya turubai la ulingo kuna mbao na chuma, na Agosti 1997, kwenye tamasha jingine la SummerSlam, Austin huyohuyo aliumia shingo kikwelikweli baada ya Owen Hart kumshusha kichwa chini. Ukikaa na watoto, waambie hivyo pambano likiwa linaendelea, usingoje liishe.

Kwamba inawezekana kurudi tumeshaona. Juni 2022 Cody Rhodes alipambana na Seth Rollins msuli wa kifua ukiwa umechanika kweli, ngozi imekuwa ya zambarau kuanzia kifuani hadi mkononi, na katika jengo lilelile la Rosemont, Illinois, ambamo Austin alizimia. Kila alipotumia mkono ule uliuma hata kwa mtazamaji. Kisha hakupambana tena hadi Januari 2023, na alipoutwaa mkanda wa Roman Reigns Aprili 2024 watu walikuwa wameisubiri siku hiyo kwa hamu halisi.

Kwa hiyo wewe unayesimulia mieleka kwa Kiswahili mtandaoni, acha kupiga kelele za majina ya mapigo. Chagua kiungo kimoja kilichoumia, mfuatilie mwenye nacho mpaka mwisho, na akikisahau mwambie mtazamaji kuwa amekisahau. Wewe unayemwingiza mdogo wako kwenye mchezo huu, mwanzishe na lile la Hart na Austin, sauti ikiwa imezimwa, kisha muulize ameelewa nini. Na wanaopanga mapambano, wa huko Marekani na vijana wa hapa watakaothubutu kuanzisha ya kwao: mchezaji akivunjwa mkono Jumatatu, mwacheni akae nyumbani mpaka mashabiki waanze kumuulizia.